Seti ya waya za amplifaya ya gari: unene ni plastiki tu

Nilichukua hii seti duka moja Kariakoo, imeandikwa geji 4 (kipimo cha unene wa waya), nikaona waya nene nikajua hapa nimepata. Kufika home nakwangua kwa kisu, ndani nyeupe! Aluminiamu imepakwa shaba kwa juu, halafu unene wote ni ganda. Besi ikigonga taa za mbele zinasinzia na waya unapata moto. Fyuzi waliyoweka ampia 100, wakati amplifaya yangu ina fyuzi mbili za ampia 25, sasa si waya utaungua kabla ya fyuzi jamani? Nimefunga waya mwingine wa shaba halisi na fyuzi ya 50, iko karibu na betri, haizidi sentimita 45. Waya za RCA, zile za kupeleka sauti toka redio hadi amplifaya, ziko poa lakini, hizo nimebakiza.