Tahadhari: "LokSound 5 mpya" za bei ya kutupa zinazouzwa Unguja na Pemba

Assalaam alaykum wapenzi wa treni ndogo. Kuna muuzaji anapita kwenye magrupu ya Unguja na Pemba na dikoda za sauti (vibao vidogo vya elektroniki vinavyofungwa ndani ya injini kuongoza mwendo, taa na mlio) anazoziita LokSound 5 mpya, shilingi 140,000 moja. Msitume pesa. Ulaya kwenyewe dikoda hiyo inapita yuro 100 kabla ya usafiri na ushuru, kwa hiyo bei peke yake ilitosha kumshtua mtu. Lakini ana ushahidi unaowalainisha hata wazoefu: picha ya kontrola (kifaa cha kuendeshea treni) ikisoma CV 8, mojawapo ya namba za mipangilio zilizohifadhiwa ndani ya dikoda, na kujibiwa 151.

Namba hiyo ni ya kweli, ila haithibitishi anachodai. CV 8 inataja kiwanda tu: 151 ni ESU, watengenezaji wa LokSound, kama 145 ilivyo Zimo na 141 SoundTraxx. ESU hao hao wanatengeneza LokPilot, dikoda nzuri ya mwendo na taa lakini bubu, nayo ukiisoma inajibu 151 vilevile. Ndiyo anayoituma, imebanduliwa lebo na kuviringwa plastiki nyeusi ili chipu zisionekane. Ukiifunga, injini inakwenda, taa zinawaka, sauti hakuna. Ukilalamika, ati faili la sauti halijapakiwa, ongeza 40,000 akutumie. Mafaili ya sauti ya ESU yanapakuliwa bure kwenye tovuti yao, na LokPilot hata uipakie nini haina amplifaya ya kuipigia spika.

Aina ya pili anayouza ni mbaya zaidi kwa sababu mwanzoni inalia. Ni LokSound V3.5 ya zamani, ambayo ilitengenezwa kwa spika ya omu 100 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Yeye anaifungia spika ndogo ya omu 4 au 8. Omu zikiwa chache hivyo mkondo unazidi uwezo wa amplifaya. Itapiga kidogo, itakwaruza, kisha inaungua. Injini itaendelea kutembea kimya na yeye atasema umeiunguza mwenyewe. LokSound 5 inakubali omu 4 hadi 32, kwa hiyo anayeamini amepewa 5 haoni sababu ya kuishuku spika.

Kabla ya kulipa, mwambie aiweke dikoda juu ya rula, bila plastiki nyeusi, apige picha pande zote mbili. LokSound 5 ya kawaida ina urefu wa kama milimita 30 kwa upana wa 15.5; LokPilot 5 inaishia kwenye 21 na kitu. Pini zikiwa na ukijani, hiyo imeshakula chumvi ya bahari, iache.

Halafu omba video isiyokatwa. Ile anayosambaza ina mlio mzuri, lakini mlio unaweza kutoka kwenye simu iliyofichwa nyuma ya meza. Mwambie apige honi, na honi ikiwa inalia aandike CV 63 (mpangilio wa ukubwa wa sauti) kuwa 20, kisha airudishe juu: sauti ya dikoda itashuka na kupanda, ya simu haitajua lolote. Kisha ainue injini kutoka relini. Kama haijafungwa kapasita ya akiba, sauti hukatika papo hapo. (Video yenyewe ni ya dizeli. Anayetengeneza modeli ya reli ya Bububu, ile ya Unguja ya 1905, anataka sauti ya mvuke, na bado watu wamelipa!)

Ukikabidhiwa mkononi, beba mita. Spika ya omu 4 husoma chini kidogo ya 4, ya 8 husoma kama 7. Ukikuta inakaribia 100, ujue unashika mzigo wa V3.5; ila 4 au 8 peke yake haimsafishi, kwani V3.5 pia anaifungia spika hizo. Na ukisoma CV kwenye reli ya kuprogramu (kipande cha reli cha kusomea na kuandikia CV) hakikisha mota imeungwa, kwani dikoda hujibu kwa kuvuta mkondo kupitia mota. Bila mota kontrola itasema hakuna dikoda, na hapo utakuwa unamsingizia mtu.

Vilevile, kwenye injini yenye soketi ya pini 8 (tundu la kuchomekea dikoda), ikitembea lakini taa haziwaki, geuza plagi kwanza. Waya wa chungwa unakaa pini namba 1. Huo si utapeli.

Injini za zamani zipimwe kabla ya kufunga dikoda yoyote. Toa waya za mota, pima kati ya kila brashi na kila reli: pasiwe na muungano hata mmoja. Brashi ikigusa chesisi, dikoda halali nayo itaungua, na muuzaji huyu atapata kisingizio anachokingoja. Shika mota isizunguke kwa sekunde moja kwenye volti 12. Ikivuta zaidi ya ampea 1.5, hata LokSound 5 halisi haiifai.

Anasisitiza alipwe kwa simu kwanza, mzigo upande boti. Mkatalie: mzigo ufunguliwe Malindi au Mkoani mbele yako, ndipo ulipe. Waliokwisha kutuma wasifute mazungumzo; wahifadhi ujumbe wa muamala na picha ya lebo, wapeleke ujumbe wake na namba aliyotumia kwenda 15040 (namba ya kuripoti matapeli wa simu), na waripoti polisi. Namba ya simu anabadilisha, lakini picha ya ile kontrola ni ile ile, na kioo chake kina ufa kwenye kona ya kushoto.