Maumbo matatu ya kichwa cha kulungu: nitachukua lipi, na nitalirekebishaje

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani nina maumbo matatu ya kichwa na mabega ya kulungu dume, yule wa Marekani mwenye mkia mweupe, ya kuvalishwa ngozi halisi ya mnyama ili aonekane kama yu hai. Yote ni ya povu gumu la poliurethani, yote ya kununua tayari. Hili la kwanza limesimamisha shingo. La pili limeshusha shingo na kuinyoosha mbele, kama dume anayenusa njia ya jike. La tatu liko katikati ya hayo mawili, na limegeuza uso kushoto. Ngozi ndiyo hii, imeshatiwa dawa na kulainishwa. Tutafute lipi litaivaa.

Wengi huanza na mkao. Mtu anaona picha ya kulungu ameinua kichwa, inampendeza, anaagiza. Mimi nawaomba mshike tepu kwanza. Kipimo cha kwanza ni kutoka kona ya mbele ya jicho hadi ncha ya pua. Cha pili ni mzunguko wa shingo juu kabisa, nyuma tu ya masikio. Cha tatu ni mzunguko wa shingo kule chini inakoanza kupanuka kuelekea mabegani. Kwa dume mzima, jicho hadi pua mara nyingi huja sentimita 18 hadi 20, na shingo ya juu huweza kuwa 46, ikafika hata 56.

Kama mzoga unao, vua ngozi kwanza ndipo upime nyama. Manyoya ya majira ya baridi ni manene na yana uwazi ndani, kwa hiyo ukipima juu yake utapata shingo ambayo mnyama hakuwa nayo. Tena dume huvimba shingo msimu wa kupandana. Dume huyohuyo angewindwa mapema kabla ya msimu huo, angehitaji umbo dogo zaidi. Ndiyo maana siagizi kwa kukisia, hata kama pembe zinaonekana kubwa. Pembe hazisemi lolote kuhusu shingo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo pesa hupotea: nunua uso, shingo utaitengeneza mwenyewe. Usoni ngozi ni nyembamba na manyoya ni mafupi, kila kosa linaonekana. Ukikata pua ili uifupishe, tundu la pua linahama, mfereji wa midomo unahama, na lile tezi la mbele ya jicho linakosa mahali pake. Shingoni manyoya ni marefu, yanasitiri mengi. Umbo likikosea shingo kwa sentimita chache bado ni umbo zuri. Likikosea uso, lirudishe.

Twende kwenye ukaguzi wenyewe. La kwanza nalipenda kwa nyuma: ubao wa plaiwudi umezama vizuri ndani ya povu, na nikibonyeza kwa dole gumba juu ya kichwa, pale kipande cha fuvu chenye pembe kitakapokaa, povu halibonyei. Hapo ndipo skrubu zitabeba uzito wa pembe, kwa hiyo povu laini sitaki kuliona. Ila uso wake ni sentimita 20, na ngozi yangu inataka 19. Limetoka.

La pili uso ni 19, sawa. Lakini tazameni shingo hii: imenyooka kama bomba, hakuna msuli unaoshuka kutoka nyuma ya taya kwenda kifuani. Nikiligeuzia kioo cha ukutani, jicho la kulia liko juu kidogo kuliko la kushoto. Hiyo hila ya kioo itumieni. Jicho la mtu huzoea kitu kilichopinda likakiona kimenyooka, lakini kwenye kioo kasoro inajitokeza papo hapo. Sitalipendekeza kwa mtu yeyote.

La tatu, uso 19, na mchongaji wake anamjua mnyama. Shingo ikigeuka kushoto, ngozi upande wa kushoto hujikunja na upande wa kulia hunyooka, na hapa mikunjo ipo na msuli wa kulia umekazwa ipasavyo. Kazi hii ina ukoo wake. Zamani ngozi zilijazwa nyasi kavu mpaka mnyama akavimba kama gunia. Carl Akeley, aliyezaliwa 1864 na kufariki 1926, ni miongoni mwa waliotuondoa huko kwa kuchonga misuli kwanza, ngozi baadaye. Ukumbi wa wanyama wa Afrika wenye jina lake, pale makumbusho ya historia ya asili New York, ulifunguliwa 1936, na wanyama wake bado wanasimama vizuri.

Tatizo la hili la tatu: shingo ni 51, ngozi yangu inatosha 48. Usiogope. Kupunguza sentimita 3 za mzunguko ni kama milimita 5 tu za kukwangua pande zote. Nachukua tupa yenye meno makali, nakwangua nikizunguka, napima, nakwangua tena, kisha narudishia mifereji ya misuli kwa ncha ya tupa. Vaeni barakoa, vumbi hili si la kuvuta. Ikiwa tofauti ni kubwa zaidi, pasua shingo kwa urefu katikati, toa ukanda, gundisha. Ukanda wa sentimita 1 hupunguza mzunguko kwa 2, kwa sababu unatoka juu na chini. Kutaka kugeuza uso zaidi, kata shingo, toa kabari upande unaotaka ageukie, funga kwa skrubu ndefu, jaza pengo kwa povu la kuchanganya. Madirisha yawe wazi, na glavu mikononi.

Kuhusu pembe, kabla hujakata fuvu pima kutoka ncha ya kila pembe hadi ncha ya pua. Ukishafunga kipande cha fuvu kwenye umbo, vipimo virudi vilevile, ndipo ujaze fila, yaani ile dawa ya kuziba mapengo, kuzunguka. Macho ya kioo yawe na mboni ya mlalo, yakae kwenye udongo wa mfinyanzi.

Halafu msasa kila mahali, hadi pale chini ya taya. Huu mng'ao mnaouona ni nta ya kutolea umbo kwenye kalibu, na gundi haishiki juu yake.

Sasa navalisha ngozi bila gundi. Kona za macho zimefika zenyewe, sijazivuta. Mshono wa nyuma nauleta pamoja kwa vidole viwili tu. Kama ungehitaji koleo, ningerudi kwenye tupa, maana ngozi iliyokazwa ikikauka hufungua mshono. Chini ya koo kuna nafasi ndogo. Hapo nitaweka pini mpaka ngozi ikauke, isije ikajiinua kutoka kwenye shimo. Basi, hili la tatu ndilo ninalolichukua. Wenye vipimo mkononi na hamjui muagize lipi, niandikieni hapo chini: jicho hadi pua kwanza, kisha shingo.