Presha ya mzazi: somo la kliniki au mhudumu wa afya anayekuja nyumbani?

Wenye wazazi wa presha huku Moshi mnaulizaga sana kipi bora, mi nimepitia vyote na mama kwaiyo naongea nilichokiona. Somo la kliniki asubuhi lina faida yake, anapimwa hapohapo, ikigonga 140/90 kwenda juu daktari yupo karibu, na anakutana na wenzie wanatiana moyo. Ila watu wanajaa mabenchi, nesi anaongea fastafasta, na mama ana biashara Kiboriloni, siku ya soko haendi ng'o.

Sasa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule anaishi mtaani hapohapo, anaingia mpaka jikoni. Alimwambia chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo unahesabu mpaka ya kwenye mtori, akampimia na kijiko chetu wenyewe jamani, wakati kliniki miaka yote ilikuwa "mama punguza chumvi" basi. Dawa habadilishi lakini, hapo anakupa rufaa.

Mzee anayekaa peke yake mi nachagua wa nyumbani, kliniki aende tarehe zake za dawa na asikose.