Dume la mbegu kwa ng'ombe wa nyama: anza kutafuta wapi?

Jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, tena mwaka ukiwa mzuri. Dume aliyekomaa hupanda majike 25 hadi 30 kwa msimu. Kwa hiyo fedha ya kuboresha kundi ianzie kwa dume. Kwa mfugaji wa Tanzania mwenye ng'ombe wa kienyeji, napanga hivi.

Nafasi ya kwanza: dume wa aina ya Boran kutoka ranchi yenye kumbukumbu. Asili yake ni kwa wafugaji Waborana wa kusini mwa Ethiopia, na jua na ukame anavivumilia. Ranchi za NARCO, kampuni ya ranchi ya taifa, kama Kongwa, hufuga Boran. Usiishie kusifu nundu. Uliza mama yake alizaa mara ya kwanza akiwa na umri gani, na huzaa kila baada ya muda gani. Muuzaji asiye na daftari anakuuzia sura tu. Mtembeze dume uone miguu ya nyuma na kwato. Korodani zilingane, na akiwa na miaka miwili mzunguko wa mfuko wa korodani usipungue sentimita 30. Govi linaloning'inia sana huchanwa na miiba, mwache. Daktari wa mifugo ampime brusela, ugonjwa unaotupisha mimba, kabla hujalipa.

Ya pili ni uhimilishaji, yaani jike kupandishwa kwa mrija bila dume, kwa mbegu za kituo cha taifa cha Usa River, Arusha. Mwenye majike chini ya kumi auweke wa kwanza, maana kulisha dume mwaka mzima hakumlipi. Kikwazo ni joto la jike, yaani muda anaokubali kupandwa: halimalizi siku, mara nyingi huja usiku, na mhimilishaji yuko mbali.

Ya tatu ni dume wa aina ya Mpwapwa, ng'ombe wa maziwa na nyama, kama familia inategemea maziwa pia. Kwa nyama tupu, Boran anamzidi.

Dume la jirani ni la nne. Faida yake ni kwamba watoto wake unawaona kwa macho. Hakikisha tu hana undugu na majike yako.

Mnadani nenda mwisho kabisa. Wengi wanaopelekwa huko wameondolewa kundini kwa sababu ambayo hutaambiwa. Ukilazimika, mtenge siku 30.

Mitamba, yaani majike ambayo hayajazaa, usinunue, kuza wako. Inaniuma kuona mtamba bora akiuzwa kwa ajili ya ada huku dhaifu akibaki zizini, uza maksai. Bakiza mabinti wa majike yanayozaa kila mwaka. Wapandwe wakifikia asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa jike mkubwa: kama majike yako yana kilo 400, ni kilo 240 hadi 260. Mtamba aliyezaliwa pacha na dume muuze kwa nyama, karibu wote ni tasa.

Mabinti wa kwanza wa dume wakikaribia kupandwa, kwa kawaida mwaka wa tatu, mwondoe dume huyo asiwapande. Badilishana na mfugaji wa mbali ambaye naye amempima wake brusela.