Kapu la mboga la msimu, Arusha: majani bora, nyanya za mashaka

Utaratibu wa kapu ni huu: kaya inalipa mapema, mwanzoni mwa msimu au wa mwezi. Kikundi cha wakulima wa miteremko ya Meru kinanunua mbegu na samadi kwa fedha hiyo, na kila wiki mwanachama anapokea sehemu yake ya kilichokomaa shambani. Huchagui. Mvua ikiharibu bustani, kapu linapungua na fedha hairudi. Anayetaka vitu vilevile kila Jumamosi aende zake soko la Kilombero, mjini Arusha.

Kapu linastahili bei yake kwenye majani. Mnafu wa sokoni mara nyingi huchumwa jioni, hulala kwenye gunia, kisha hunyunyiziwa maji usinyauke. Majani ya katikati hupata joto na kuanza kuoza kabla hujafika nyumbani. Wa kapu huchumwa alfajiri na kugawiwa kabla ya saa sita. Ukibahatika kupata mbegu ya Nduruma au Olevolosi, zilizotokana na kazi ya kituo cha utafiti wa mboga cha World Vegetable Center hapo Tengeru, majani ni mapana na kuchambua ni kazi ya dakika chache. Kwa watu wanne hesabu kilo moja kabla ya kuchambua, maana mnafu hunywea sana sufuriani. Msimu wa masika huja pia majani ya maboga, majani ya kunde na mgagani. Mgagani uchemshe, umwage maji ya kwanza, kisha umalizie kwa maziwa. Ukali wake unatulia.

Nyanya ni habari nyingine. Machi hadi Mei, ubaridi na unyevu huleta bakajani chelewa, ugonjwa wa kuozesha majani na matunda, na shamba zima linaweza kuungua ndani ya siku chache. Kwa hiyo kapu lililojaa nyanya nzuri mwezi wa Aprili liulizwe maswali: zimepuliziwa dawa mara ngapi, au zimenunuliwa sokoni zikachanganywa? Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo. Kikundi makini kina daftari lenye jina la dawa na tarehe, na hakisiti kulionyesha. Kisichokuwa nalo, usikilipe msimu mzima.

Kiangazi adui wa nyanya ni kantangaze, nondo ambaye viwavi wake huzitoboa, aliyeingia nchini mwaka 2014 kupitia kaskazini hii hii. Angalia karibu na kikonyo: tundu dogo kama la pini lina maana kiwavi ameshachimba ndani. Kata sehemu hiyo, iliyobaki ipike siku hiyohiyo, kwa sababu tundu hilo ndilo mlango wa uozo.

Lawama nyingi za "mboga zimeoza" zinaanzia jikoni. Usioshe majani kabla ya kuyahifadhi. Toa yaliyopondeka, yafunge kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo, na yaweke mbali na ndizi, ambazo zikiiva hutoa gesi inayoyafanya yawe ya njano. Karoti zikate majani mara zinapofika, la sivyo yanaendelea kunyonya maji na karoti inalegea. Parachichi gumu lisiingie kwenye friji. Liache mezani mpaka liminyike kidogo. Mahindi mabichi yachemshwe au yachomwe siku yalipofika, maana sukari yake inageuka wanga haraka. Viazi vikae gizani, na chenye ukijani mwingi kitupwe: kina sumu na hakifai kwa chakula.

Kasoro inayochosha wanachama kuliko zote ni sukuma wiki na figili wiki nyingi mfululizo. Chanzo ni wakulima wote kusia mara moja mvua inapoanza. Dawa yake inajulikana: kusia kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili, na kugawana mazao kati ya mashamba. Omba kuona kalenda ya kupanda kabla ya kulipa. Uliza pia maji ya umwagiliaji yanatoka wapi, hasa kama shamba liko chini ya mji.

Kuhusu bei, usikadirie kwa macho. Pima kila kitu kwa mizani ya jikoni kwa wiki nne, ulinganishe na bei ya Kilombero ya siku ileile. Mboga zikiwa tele baada ya masika, soko litakuwa rahisi zaidi. Ukame ukikaza na fungu la mchicha likipanda bei, mwenye kapu aliyekwishalipa ndiye anayenufaika. Ndiyo maana wiki nne za msimu mmoja pekee hazitoshi kuuhukumu mpango huu.

Kaya ya watu wawili ichukue nusu kapu, au igawane kapu zima na jirani. Anayekula mboga za majani mara tano kwa wiki achukue zima bila wasiwasi. Anayepika mchuzi wa nyanya kila siku ajiandae kuongezea sokoni, kapu liwe la nani vyovyote.