Pama ya manyoya kwenye mvua za Mwanza: uzoefu wangu

Pama zangu ni mbili, na zote zimeonja vuli na masika za hapa: moja ya sufu ya kondoo, nyingine ya manyoya ya sungura yaliyochanganywa na ya biva, mnyama wa majini. Ya sufu haina maneno mengi. Mvua chache tu gundi inayokaza ukingo ililainika, ukingo ukaning'inia kama jani la mgomba, na kofia yenyewe ikasinyaa. Ya jua na vumbi, sawa. Ya mvua ya ziwani, hapana.

Ya manyoya imegandamizwa ikashikamana sana, manyunyu unayakung'uta tu. Ikinyeshewa saa nzima italowa, asikudanganye mtu, ila umbo linabaki. Pama nyingi za aina hii huharibikia kwenye kuanikwa. Tatizo ni mkanda wa ngozi wa ndani: ukiwa umelowa ukakutana na joto, iwe juu ya bati, kando ya jiko la mkaa au kwenye dashibodi ya gari, unajikunja na kuivuta kofia nzima. Iliyokuwa sentimita 58 inaanza kukuachia alama kwenye paji la uso.

Kwa hiyo kung'uta maji, kausha kwa kitambaa kwa kugandamiza, usisugue. Pindua mkanda utokeze nje mzunguko mzima, kisha simamisha pama juu ya huo mkanda, kivulini penye hewa. Ukingo usiguse meza; ukilala juu ya ubao ukiwa mbichi, mkunjo wake unapotea. Masika inaweza kuchukua siku mbili. Tope nalo liache likauke kabisa ndipo upitishe brashi laini. Mkunjo ukipotea, mvuke wa birika kwa sekunde chache, kunja kwa vidole, shikilia hadi ipoe.

Kwenye kivuko cha Kamanga funga kamba ya kidevuni, la sivyo sangara watavaa pama.

Zile X zilizoandikwa ndani kuonyesha ubora wa manyoya, 4X au 10X, kila kiwanda kina hesabu yake, hivyo linganisha za kiwanda kimoja tu. Ukikuta pama kwenye mitumba pale Mlango Mmoja, pindua mkanda kabla hujataja bei. Ngozi ikiwa imepasuka au imekauka kama gome, hiyo huenda ilishaanikwa juani.