FBP Ngamiani: mashine nzuri, majibu yanahitaji msomaji

Maabara moja binafsi ya Ngamiani, Tanga, inastahili sifa kwa mashine yake ya FBP (kipimo cha picha kamili ya damu), inayotenganisha chembe nyeupe, yaani chembe za kinga, katika makundi matano. Mashine za makundi matatu huzirundika eosinofili (chembe nyeupe zinazopanda mtu akiwa na minyoo) fungu moja na monosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine. Kwa pwani yetu yenye matende, mabusha na kichocho, eosinofili ni lazima zionekane peke yake.

Utoaji damu nao ni wa uhakika. Kichupa cha kifuniko cha zambarau hujazwa hadi kwenye alama, kisha hupinduliwa taratibu mara 8 hadi 10. Kikitikiswa kwa nguvu chembe hupasuka. Kisipochanganywa damu huganda, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) hunaswa humo na hesabu yake hushuka kwa uongo.

Kasoro iko mapokezi: hakuna anayemuuliza mgonjwa anatumia dawa gani wala ametoka kufanya nini. Karibu nusu ya nyutrofili (chembe nyeupe za kwanza kupambana na bakteria) zilizo ndani ya mishipa zimejishikiza kutani, na mashine haizihesabu. Mbio, hofu au prednisoloni (dawa ya steroidi) huzibandua, namba ikapanda bila maambukizi yoyote.

Kwenye uvimbe wenyewe mambo huenda hivi. Makrofaji (seli walinzi) za penye jeraha hutoa TNF na IL-1, kemikali za kupiga kengele ya hatari. Kuta za vishipa vya vena vya hapo huchomoza selektini, protini za kunasia, na nyutrofili zinazopita hunaswa kidogo na kuanza kubingirika. Kemokaini (kemikali za kuziita) huziamsha, integrini zao (protini za kushikilia) hukaza, zinanata, kisha hujipenyeza katikati ya seli za ukuta kuwafuata bakteria. Nyutrofili hutawala saa 6 hadi 24 za mwanzo. Monosaiti huzipokea saa 24 hadi 48. Uboho, kiwanda cha chembe ndani ya mifupa, hujaza pengo kwa kuachia nyutrofili, hata zile changa.

Basi FBP huhesabu chembe zilizo njiani tu. Maambukizi makali mno yanaweza kuzimaliza kwenye damu kuliko uboho unavyoweza kuzileta, kwa hiyo hesabu ya chembe nyeupe ya 2.5 (bilioni kwa lita moja ya damu) pamoja na homa kali ni jambo la kumwona daktari saa hiyohiyo. Lakini 3.6 kwa mtu mzima wa afya, hata ikiwekewa alama ya "L" (low, yaani chini), mara nyingi si ugonjwa: Waafrika wengi wana nyutrofili chache kwa maumbile, na kiwango cha chini cha 4.0 hakikupimwa kwao.

Someni hesabu kamili, siyo asilimia peke yake. Nyutrofili 70% ya chembe 3.0 ni 2.1, ya chembe 15 ni 10.5. Na mashine ikitoa onyo, ombeni slaidi isomwe kwa darubini siku hiyohiyo. Wanafanya, ila mpaka uombe.